Mbao, Plastiki na Mpaka wa Mama Nyambura

Nyinyi vijana mnaonipigia simu kuniuliza, "Mzee Athumani, mteja wangu hajui aweke uzio wa mbao au wa plastiki, nimwambie nini?" huwa mnataka jibu la neno moja. Nami huwa nawakawiza, mkadhani uzee umenipunguza akili. Akili bado ninayo. Ni magoti yaliyonikimbia. Nawakawiza kwa sababu niliwahi kulijibu swali hilo hilo kwa neno moja, mbele ya mama mjane huko mtaa wa Satellite, Nairobi, na neno lile nusura limwache bila kwake. Leo nitawaeleza kisa chote. Mkichoka katikati mvumilie, maana si kisa ninachopenda kukirudia.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilikuja Nairobi na ufundi wa kuchonga milango ambao hapa hakuna aliyeutaka, nikapata kibarua kwenye yadi ya mbao kandokando ya Ngong Road, chini ya fundi Mkamba aitwaye Mutiso. Mutiso hakuwa mtu wa maneno. Siku ya kwanza alinipa mtarimbo, akanionyesha pa kuchimba, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi alitia mkono ndani ya shimo langu, akautoa, akasema, "Hii ni shimo ya kuzika paka. Chimba ya nguzo." Nikachimba tena, mpaka mkono wake ulipozama hadi kwapani ndipo akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikuwa kusifu.

Kwake nilijifunza kwamba nguzo ya mbao haiozi chini kabisa, wala haiozi juu. Huoza shingoni, pale inapochomoza ardhini, kwa sababu hapo ndipo maji na hewa hukutana. Basi hapo ndipo pa kushughulikia. Tulikuwa tukiomba oili chafu kwa makanika, tunapaka mguu wa nguzo kutoka chini hadi shubiri moja juu ya udongo, tunaacha siku mbili inywe. Ndani ya shimo tunatanguliza kokoto ili maji yapate njia. Simenti ya juu tunailaza kwa mteremko, maji yakimbie nguzo, yasisimame nayo. Mtarakwa mzuri utaujua kwa pua: ukiuparuza kidogo unanukia mpaka kesho yake. Lakini ule mti mweupe wa nje, chini ya ganda, hauna kazi, na mchwa wa udongo mwekundu wa Riruta wanaujua kuliko sisi. Mutiso aliuchonga wote autoe, hata mteja akilalamika kwamba nguzo zake zinakonda.

Jambo moja zaidi alikuwa nalo, na hilo ndilo niliacha kulifuata. Kabla ya kutaja aina ya mbao, kabla hata ya kupokea kikombe cha chai, Mutiso aliutembea mpaka. Alianza barabarani akaishia nyuma, taratibu, mikono mgongoni, pamoja na mwenye nyumba, na ikiwezekana na jirani pia. Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilisema anatembea kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka.

Plastiki ilikuja baadaye, miaka ile kila mtu alipoanza kuwa na simu mfukoni, na kule Kilimani nyumba za zamani zenye bustani zikaanza kubomolewa ili magorofa yapande. Ilikuja nyeupe pepe, ndani ya makontena, kila kitu kimeshapimwa kiwandani: nguzo zenye uwazi ndani, na paneli za futi sita sita za kuingizwa kwenye mifuo. Mutiso aliigonga kwa ukucha, akauliza, "Hii ni fensi ama ni beseni?" Tukacheka yadi nzima. Lakini mimi niliipenda. Nilikuwa nasoma vizuri, na makontena yale yalikuja na vijitabu vya maelekezo, basi haukupita mwaka nikawa ndiye fundi wa plastiki. Watu walinitafuta kutoka Kilimani, kutoka Parklands. Nikaondoka yadini kwa Mutiso, nikajitegemea, na kichwa kikavimba.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Kuna mama mmoja wa Kihindi kule Parklands nilimwekea uzio asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, nikaukaza kila mahali, hakuna hata upenyo wa unywele. Jua la saa saba lilipowaka, plastiki ikatanuka, ikakosa pa kwenda, ikaanza kulia ta! ta! na kujipinda. Yule mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani ni wezi. "Fundi, fence yako nafanya nini?" Nikamwambia inanyoosha viungo. Tangu siku hiyo naacha nafasi ya kidole ndani ya kila mfuo, nanyi muiache. Na nguzo msiziache tupu. Zijazwe zege na nondo, ama sivyo mtu anaweza kuichomoa paneli kimya kimya akaondoka nayo kwapani.

Sasa niwapeleke kwa Mama Nyambura.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kike. Plotini kwake Satellite palikuwa pamekatwa kutoka shamba la baba mkwe wake, tangu enzi ile eneo hilo lote lilipokuwa mashamba ya mahindi. Upande wa kushoto alikaa shemeji yake, Mzee Gitau, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, pamoja na wanawe wawili watu wazima. Kati yao palikuwa na uzio wa mabanzi ya mbao uliochoka, nusu umeliwa na mchwa, nusu umeegemea migomba. Binti, Nyambura, alikuwa akifanya kazi ofisini Kilimani, na huko ndiko alikoniona nikiweka plastiki, akanichukua Jumamosi moja nikamwone mamake.

Tuliketi sebuleni, chai ikaletwa, mama na binti wakaanza kubishana mbele yangu.

"Mum, kila mwaka ni oil, kila mwaka ni posti mpya," Nyambura alisema. "Hii ingine unaosha na sabuni tu, imeisha hiyo."

"Mimi nimezoea mbao," mama akajibu. "Nikitaka kupiga msumari nianike nguo, napiga. Hiyo nyeupe nikipiga msumari itapasuka."

"Si nitakununulia kamba ya nguo!"

Mama akaweka kikombe chini, akanigeukia. "Fundi, wewe ndio unajua kazi. Mimi nitafanya vile utasema."

Nikasema, "Plastiki."

Nilisema hivyo nimeketi, sijauona mpaka hata kwa dirisha. Nataka mjue sababu, maana sikudanganya kuhusu plastiki yenyewe. Mchwa hawaigusi, na oili haihitaji. Nilisema kwa sababu binti alikuwa msomi na alinitazama kama msomi mwenzake, na kwa sababu mbao ilikuwa kazi ya Mutiso na plastiki ilikuwa kazi yangu. Majivuno tu. Mama wa watu aliniachia uamuzi wa nyumba yake, nami nikaamua kwa ajili yangu.

Nilipoanza kazi, Mama Nyambura alikuwa amesafiri Murang'a kumzika dada yake. Nyambura alikuwa ofisini. Mzee Gitau alikuwa akiugua kifua, hatoki ndani. Nikavunja mabanzi peke yangu, na hapo ndipo nilipoona kwamba mpaka haukuwa mnyoofu. Kutoka barabarani ulikwenda sawa, kisha katikati ukapinda kuingia upande wa Mama Nyambura, ukazunguka mahali ambapo zamani palikuwa na ghala, ukarudi tena. Mbao haina shida na hilo. Mbao unaikata fupi, unaipindisha nguzo kwa nguzo, inafuata ardhi inavyotaka. Paneli ya futi sita haipindi. Ama unyooshe mstari, ama uache pengo la kupita mbuzi.

Nikanyoosha mstari. Nilifunga kamba mwanzo na mwisho, nikaivuta, ikakata ule mpindo na kuingia upande wa Mzee Gitau hatua mbili hivi. Nikajiambia ni ndugu, hawatagombania hatua mbili. Na kwenye mpaka wa zamani palikuwa na mimea imepangwa mmoja mmoja, yenye majani marefu na kitunguu kikubwa chini ya udongo, ya aina ambayo huchanua mvua zikianza. Ilikuwa mizee, mizizi imeshikana, sijui imekaa hapo miaka mingapi. Nikaing'oa yote kwa sururu ili pawe safi.

Nikiwa naipakia kwenye toroli, mwana mkubwa wa Mzee Gitau, aitwaye Kimani, akaja kusimama pembeni, mikono mifukoni. Alitazama vile vitunguu kwa muda. Kisha akasema, "Toa tu, fundi. Hiyo ni majani." Akaniambia kazi yangu ni safi sana. Nami nikafurahi kusifiwa, nikaisukuma toroli hadi kijitoni chini ya mtaa, nikamwaga.

Mama Nyambura alirudi siku ya tatu, uzio umesimama, mweupe, umenyooka kama rula. Nilikuwa nikiupangusa kwa kitambaa ili aukute unang'aa. Hakuutazama. Alitazama chini.

"Fundi, matoka yako wapi?"

"Matoka gani, mama?"

"Hiyo miti ya mpaka. Itoka. Ilikuwa hapa."

Nilipomwambia nimeyatupa, alikaa juu ya mfuko wa simenti na nguo zake za matangani. Hakupiga kelele. Alisema, "Umenimaliza, fundi," kisha akaniambia lile ambalo ningelijua kama ningeutembea mpaka pamoja naye. Mumewe alipofariki, ukoo ulitaka arudi kwao, kwa kuwa hakuwa amezaa mtoto wa kiume. Gitau peke yake ndiye aliyesimama mbele ya wote akasema huyu haendi popote, sehemu ya ndugu yangu ni yake. Tangu hapo, alipokuwa na nguvu, alikuja kunywa chai kwake kila Jumapili baada ya kanisa. "Na sasa ataona nimengoja awe mgonjwa ndio nimle shamba," alisema. Aliogopa kwenda kumwona. Alilia, mwalimu mzima, na mimi nimesimama na kitambaa changu. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Asubuhi nikaenda mimi. Mzee Gitau alikuwa ametolewa nje kuota jua, kitini, blanketi magotini. Nikamwamkia shikamoo kama tulivyolelewa kwetu, akajibu, "Mzuri sana. Wewe ndio fundi ya plastiki?"

"Ndiyo, mzee. Nimekuja kuomba radhi. Nimekula shamba lako. Nilivuta kamba vibaya. Mama hakuniagiza, hakuwa hata nyumbani."

"Umekula ngapi?"

"Hatua mbili."

Alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi chake hakikuwa kizuri kusikia. "Hatua mbili ningempa hata leo. Angeomba, ningempa. Sikiza, wewe mtu wa Mombasa. Hii shamba iko na title deed moja tu, na jina ni ya baba yetu, na baba yetu alikufa zamani. Hatujawahi kugawa na karatasi. Tuligawa na itoka. Baba alichimba, mimi na ndugu yangu tukashika hiyo vitunguu na hii mikono, tukaweka moja moja. Ndugu yangu amekufa. Mimi naenda. Nikienda, Mama Nyambura atasimama mbele ya watu aonyeshe nini? Hiyo fensi yako? Fensi mtu anatoa leo, kesho anaweka mahali ingine. Itoka hakuna mtu wetu anaweza gusa. Ukitoa itoka umejitafutia laana, wewe na watoto wako. Hata mtu mbaya anaogopa."

Nikamwelewa. Mimi ndiye niliyegusa. Mtu wa huko asingethubutu. Ilihitaji mgeni, fundi hodari, asiyejua kitu na asiyeuliza.

"Nani alikuona ukitoa?" mzee aliuliza.

Nilisita. Sikutaka kumgombanisha mtu na mwanawe, lakini nilikuwa nimeshaharibu vya kutosha kwa kunyamaza na kujua-jua. "Kimani, mzee."

"Akasema nini?"

"Alisema nitoe tu. Ni majani."

Mzee Gitau alikunja blanketi, akalikunjua. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua na hakulitaka: kwamba mwanawe aliitamani sehemu ya mjane. Mwishowe akaniuliza niliyatupa wapi. Nikamwambia kijitoni.

"Yalete. Yote."

Nilikwenda kwa Mutiso. Sikuwa na mwingine wa kumwendea, na nilikuwa sijamtembelea tangu nijitegemee. Nikamweleza pale pale penye magogo. Aliniuliza swali moja tu, "Kwani mpaka hukutembea?" Nikasema sikutembea. Akavua koti, akachukua jembe, tukaenda. Siku mbili tulichakura taka za kijitoni, karatasi na maganda na matope, na kila tulipopata kitunguu Mutiso alikiosha kwa mkono wake akakilaza kwenye gunia lenye maji. Ule mmea ni mgumu, haufi upesi. Tulipata yote isipokuwa mawili. Siku zile mbili hakunisema hata mara moja, na nilitamani anitukane.

Plastiki niliing'oa. Baadaye niliihamishia mbele, upande wa barabara, ambako mstari ni mnyoofu na ardhi ni tambarare. Na bado ipo, Mama Nyambura huiosha kwa sabuni kama binti yake alivyosema. Pembeni, kwa shemeji, niliweka mtarakwa, nguzo kwa nguzo, ukifuata matoka na kupinda yanapopinda. Kwa hiyo msiende kusema Mzee Athumani anawaambia mbao ni bora. Mbao itakudai oili na macho yako kila mwaka. Plastiki haikudai kitu mpaka jirani achome taka karibu nayo, hapo itayeyuka wala hutaikarabati. Plastiki inataka ardhi ya kuitii. Mbao inaitii ardhi. Lakini hakuna kati ya hizo mbili inayojua mpaka uko wapi, na mteja hana haja ya kusikia jina lolote kinywani mwako kabla miguu yako haijautembea.

Mzee Gitau alifariki kabla mvua za mwaka huo hazijaisha. Nilikwenda mazishini. Lakini Jumamosi ya kuyapanda upya matoka alikuwepo, na hiyo ndiyo nataka mwondoke nayo.

Alibebwa kwenye kiti chake na wanawe wawili, akawekwa mwanzo wa mpaka. Wazee watatu wa ukoo walikuja, na katekista wa kanisa lao akaomba kwa ufupi. Mama Nyambura alisimama upande wake na binti yake, kitambaa kichwani. Mimi na Mutiso tulikuwa tumeshachimba pale mzee alipotuonyesha kwa fimbo. Hakupima, hakukosea, kila tulipochimba tulikuta udongo wa zamani uliolegea. Nikachukua kitunguu cha kwanza niingize. Mzee akanizuia.

"Wewe wacha. Kimani, kuja."

Kimani alikuja. Alikuwa amevaa viatu vyeupe vya kutokea. Nikampa kitunguu, akakishika kwa ncha za vidole.

"Shika na mikono yote," babake akamwambia. Akashika. "Piga magoti, uweke."

Alipiga magoti kwenye udongo mwekundu, akaweka.

"Sasa sema, hii ni mpaka ya nani na nani."

"Baba, kila mtu anajua."

"Mimi najua. Na mimi naenda. Sema wewe."

Kimani alionyesha nyuma yake kwa mkono wenye tope. "Huku ni kwetu."

"Na huko?"

Akainua uso, akamtazama Mama Nyambura, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Huku ni kwa anti."

"Sema tena," mzee akasema. "Fundi hakusikia."

Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Nikanyamaza, naye akarudia.